Uzinduzi wa Dawati la Vairasi, Nachingwea na Ruangwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wake, ambaye yuko njiani, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata kuanzia Nambambo hadi Nambilanje, viongozi wa dini, wazee wetu wa korosho na ufuta, ndugu zetu wafugaji mliotoka Kanda ya Ziwa na kukubali ng'ombe wenu wasubiri nje ya uwanja, mabibi na mabwana: kama kuna mkubwa sijamtaja, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Mimi, Mratibu wenu Teofili, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, ambao watu wengi wamenisifia, kuzindua Dawati la Msaada wa Vairasi Onlaini, mradi wa kimkakati, shirikishi na endelevu, ambao ndani ya miezi mitatu ya majaribio umepokea swali moja na kutoa majibu kumi na manne, yaani ufanisi wa asilimia elfu moja na mia nne! (Makofi. Bibi Hajra, mkulima: "Na hilo swali lenyewe je?")

Nakuja huko, Bibi. Swali lilitoka kwa Dionisia, karani wa chama cha msingi cha ushirika Nambambo, yule pale anayenitazama vile. Kompyuta ya chama ilipigwa skani, zikakutwa faili arobaini na saba zina vairasi, mojawapo ikiwa orodha pekee ya wakulima mia sita na kumi na wawili wanaosubiri salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho, ambayo gari lake linafika Ijumaa, na asiye kwenye orodha hapewi. Skani ikamuuliza: futa, au acha? Naye akatuuliza sisi: "Nikifuta, orodha itapona?"

Wapendwa stekiholda, huo ndio utamaduni wa kidijitali! Siku hiyohiyo tukamjibu kwamba swali lake ni muhimu sana kwetu. Kesho yake tukamwambia azime, awashe. Siku ya tatu tukampongeza kwa subira. Baadaye tukamwelekeza achape matokeo yote ya skani, yakawa kurasa sitini na tatu, na kila ukurasa ugongwe muhuri wa Mtendaji wa Kata, kwa sababu ofisi haiwezi kushughulikia vairasi asiye na muhuri. (Kicheko nyuma.) Wino ukamwishia Mtendaji, lakini kurasa zikagongwa zote, Dionisia akazipiga picha, akatutumia. Tukamjibu kwa wakati kwamba hazisomeki. (Dionisia anasimama: "Wiki tatu, mzee! Nauliza kitu kimoja tu!")

Kaa, binti yangu, furaha yako tunaielewa. Ndiyo maana leo asubuhi, wewe ukiwa huku unapanga viti, nilipita ofisini kwako na mpiga picha, nikabonyeza "futa" kwa kidole changu mwenyewe. Arobaini na saba zote! Ninavyozungumza, vairasi Nambambo ni sifuri! (Makofi ya meza kuu.)

(Dionisia: "Na orodha?") Orodha ni safi kabisa, haipo. (Bibi Hajra: "Mikorosho yangu inaliwa na ubwiri unga, we baba!") Hiyo ni changamoto ya idara nyingine.

Nikisema "vairasi", mnaitikia "nje"! Vairasi! (Meza kuu: "Nje!" Watu wanaanza kuinuka.) Nachingwea na Ruangwa za kidijitali! (Meza kuu: "Nje!")

Namalizia. Namshukuru mtaalamu wetu wa kompyuta, ambaye tutamwajiri hali ikiruhusu. Namshukuru mkandarasi wa jengo la Dawati, hilo mnaloliona kwenye bango, maana kwingine halionekani. Na kwa namna ya pekee naishukuru simu yangu, ambamo niliyaandika majibu yale kumi na manne mwezi Machi, kabla Dionisia hajauliza chochote, ikawa inamtumia moja kila asubuhi ya kazi, mwenyewe nikiwa shambani.

Dawati limefunguliwa rasmi. Mwenye swali aandike. Majibu yako tayari.