Ombi la Kumpumzisha Shangazi Zamu ya Kupokea Wageni

Kwa Shangazi Mpendwa,
Msimamizi wa Mapokezi,
Ghorofa ya Chini.

Shikamoo Shangazi. Natumaini goti limetulia na barua hii itakukuta umekaa. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikishuka tuongee ana kwa ana, unanimiminia chai, unaniuliza mbona nimekonda, na narudi juu nimeshiba bila kusema kitu.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mimi ni fundi wa lifti. Siwezi kuwa naning'inia ndani ya shimo la lifti huku mgeni ananipigia simu kuulizia swichi ya maji moto. Ndiyo maana tukagawana zamu za ile nyumba ya huku juu, jirani na kwangu, ninayopangisha: wewe siku za kazi, Kaka mwisho wa juma. Kazi yenyewe ni fupi. Unampa mgeni funguo, unamwonyesha swichi, unamtajia neno la siri la intaneti, unamtakia mapumziko mema, unaondoka. Hapo kwenye kuondoka, Shangazi, ndipo tulipokwama. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Maswali. Yule daktari wa meno, mgeni wako wa kwanza kabisa, alinipigia simu akauliza kwa sauti ya chini kama ni lazima mtu aeleze kwa nini hajaoa ndipo apewe funguo. Nikamwambia hapana, si lazima. Akasema, "Basi nimeshaeleza." Kibaya zaidi, alishukuru. Alisema watu anaoongea nao siku nzima huwa wameachama tu, hawamjibu.

2. Wale mume na mke waliofika wamenuniana. Mgeni akinuna, Shangazi, anapewa funguo akanunie ndani. Nyumba ina vyumba viwili, nafasi ya kununa ipo. Wewe ukazitia funguo kifuani ukatangaza, "Nyumba ya mwanangu haiingii mtu asiyemtazama mwenzake." Ukawaketisha sebuleni kwako mpaka mume akakiri kwamba kweli aliwapoteza njia, na mke akakiri kwamba ramani alikuwa ameishika yeye. Wakalia, wakacheka, wakageuza gari kurudi kwao, kwa kuwa walichokuja kukitafuta walikuwa wamekipata kwenye kochi lako. Huku juu halikufunguliwa hata dirisha.

3. Dereva wa lori. Huyu alikodi nyumba yangu na analala kwako. Anasema juu kuna upweke. Nikavumilia. Lakini kwenye kikao cha familia, nilipopendekeza zamu zibadilishwe, na yeye akanyoosha mkono kupinga! Nikamuuliza kwa adabu kabisa yeye ni nani katika ukoo huu. Mama akanikata jicho. "Hebu msemeshe mjomba wako vizuri." Pendekezo langu likaanguka. Nilipotazama huku na huku kutafuta wa kunionea huruma, nikakuta Mjomba ndiye anayenipa pole.

4. Kaka umemharibu. Zamani alikuwa mpokeaji hodari: anatupa funguo, anakimbilia mpira. Siku hizi mgeni akimwona mlangoni uso unamshuka, anauliza, "Yule mama hayupo?" Kaka ameumia. Juzi alijaribu kumuuliza mgeni habari za moyo wake, mgeni akaomba kuhamia hoteli.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilijipinda kwa nyumba ile. Nilipaka rangi kwa mkono wangu, nikashona mapazia, nikalala sakafuni nikipima kama mlango wa bafu unalia. Kila nikitoka kazini na grisi mpaka kwenye nyusi, nafungua simu kusoma maoni ya wageni. Nasoma: "Nyota tano. Shangazi ni mtu wa watu." Nasoma tena: "Tulimpenda sana Shangazi. Nasikia kuna na nyumba." Sitaki makuu. Natamani siku moja mtu mmoja aseme godoro ni zuri.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba upumzike kwa heshima zote. Nimenunua kisanduku cha funguo chenye namba za siri, nitakikaza mlangoni. Hakimsubirishi mtu, hakimwonei mtu huruma, na hakijui kumimina chai. Naamini utaliona hili kama shukrani.

Nisalimie Mama, umpe Kaka moyo, umfikishie Mjomba salamu za kutosha, pamoja na yeyote aliyevua viatu sebuleni kwako wakati unasoma haya.

Mimi mwanao mtiifu,
Fundi Lifti wa Ghorofa ya Juu.

N.B. Kuna mpima ardhi mmoja sikumtaja hapo juu. Ni yule binti uliyemganda kwa maongezi mpaka nikarudi kutoka kazini nikamkuta bado hajapanda ngazi. Tangu siku ile hatujaacha kuongea. Sasa wazazi wake wanakuja Jumamosi kuniona nilivyo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: nikishasema "karibuni" sina neno la pili. Shangazi, nakuomba, uwahi. Kisanduku nitakirudisha dukani. Wewe wapokee tu unavyojua mwenyewe, na wasitoke hapo kabla hawajakubali.