Malalamiko Dhidi ya Supu, Fidla na Makofi ya Mtu Mmoja

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Muziki na Mkahawa Wake,

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukumbi wako ukiwa kimya, maana ukiwa na sauti ndipo unapodhuru watu.

Mimi ni mkutubi. Jumamosi iliyopita nilikuja kwenu kwa chakula cha jioni na tamasha la fidla, pamoja na fundi wa friji anayetaka kunioa. Nilikuja kumkataa. Mahali penu nilipachagua makusudi: mtu anayeshinda na bisibisi mfukoni angesinzia, pengine angekoroma, nami ningepata ushahidi kwamba hatufanani. Hotuba yangu ilikuwa na sentensi kumi na moja. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, hata mama akauliza nje ya mlango ni nani huyo ninayemgombeza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Supu ya uyoga. Sentensi ya kwanza ilikuwa imeshafika ulimini supu ilipoletwa. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumvunja mwenzake moyo huku akimeza supu ya namna ile. Nikasubiri iishe. Mhudumu wenu mwenye miwani akaniuliza, "Nikuongeze, binti?" na mimi, mtu mwenye shahada, nikasema ndiyo.

2. Samaki aliletwa na miiba yake. Fundi akanitolea miiba yote kwa uma, taratibu, kama anayefungua mashine ya mtu, huku akinisikiliza habari za vitabu visivyorudishwa. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika jikoni kwenu, isifanywe mbele yangu.

3. Hakusinzia. Muziki ulipoanza alininong'oneza, "Ile fidla kubwa inanguruma kama friji iliyopona." Niliudhika. Kisha nikasikiliza, na ni kweli. Tangu siku hiyo siwezi kuipita friji ya mama bila kusimama, na kila mara naulizwa natafuta nini.

4. Hili ndilo kubwa. Muziki ule una vipande vitatu, na wanaojua hawapigi makofi mpaka cha mwisho kiishe. Mimi nilijua. Sikumwambia, nakiri kwamba nilimtegea. Kipande cha pili kikaisha polepole, ukumbi mzima ukanyamaza, naye akapiga makofi, peke yake, kwa viganja vile vipana. Vichwa vikageuka. Mzee aliyekaa mbele yetu akamwambia, "Kijana, bado." Ushahidi wangu huo, umeletwa moto kama supu. Akajibu kwa upole, "Samahani, mzee. Wataendelea, naona. Lakini hiki walichokimaliza wamekifanyia kazi." Akaendelea kupiga. Nilipotazama mikono yangu, nayo ilikuwa inapiga.

5. Mlinzi wa mlangoni alituaga, "Karibuni tena, bwana na bibi." Nilifungua kinywa kumsahihisha. Sentensi zote kumi na moja zilikuwa zimeyeyuka.

Kwa hiyo naomba supu ipunguzwe ladha kwa wateja wenye mambo mazito. Naomba pia mniandikie barua yenye mhuri, niwaonyeshe mama na shangazi, ikithibitisha kwamba nilifika kwenu na nia kamili ya kukataa. Shangazi haniamini. Anacheka tu na kusema mkataa pema, pabaya panamwita. Fanyeni haraka: Jumapili fundi anakuja nyumbani kuchukua jibu lake, na mimi nimebakiwa na neno moja tu, wala si lile nililoliandaa.

Nisalimie mpishi, ingawa hastahili, mhudumu mwenye miwani, wapiga fidla wote, na yule mzee ukimwona.

Wako niliyedhulumiwa,
Mkutubi wa safu ya saba

N.B. Barua hii ilikaa mkobani, na Jumapili imeshapita. Naomba mtuwekee viti vinne tamasha lijalo, safu ileile. Samaki aje na miiba yake. Na wapiga fidla wasishtuke kipande cha pili kikiisha: mama na shangazi nimeshawafundisha mahali pa kukosea.