Kipanga Anatua kwenye Ungo

Jumatatu, 1 Septemba

Wiki ya ushindi imeanza! Mzee Thuwaini anamwoza binti yake Ghadir Jumamosi, na anataka harusi ipigwe picha kutoka angani. Wenye droni tuko wawili. Mimi, Muadh, wa Muadh Picha hapa Ng'ambo, Tabora. Na Vedasto wa Ntalikwa, ambaye kusema kweli ni mpiga picha wa kwaya tu. Kwaya! Watu wamesimama mstari mmoja hawatikisiki, nani atashindwa?

Mzee hataki lawama. Ijumaa baada ya Alasiri tuje wote uani kwake, mbele ya wazee wa upande wa bwana harusi. Kila mmoja arushe, kisha atue. Atakayetua bila kutimua vumbi ndiye. Kuruka si kazi, amesema, hata kunguru anaruka. Nadhani bado anakumbuka ile siku ya maulidi, droni yangu ilipotua kando ya sinia la pilau. Wageni walitafuna mchanga kimyakimya, kwa adabu.

Droni yangu inaitwa Kipanga. Mguu wake mmoja ulivunjika, nimeufunga kijiti cha aiskrimu. Anatua akichechemea.

Wakati wa chai Shangazi Zeyana, ninayekaa kwake, akatoa hukumu. Nikiikosa kazi hii nifunge duka, na Jumapili nipande basi niende Nzega kwa shemeji yangu Issa, nikauze dawa za kupulizia pamba. Nikamwambia dawa za pamba zinanipigisha chafya. Akasema uvivu wangu nao unampigisha yeye chafya, na mbona amevumilia miaka yote.

Nzega sendi.

Jumanne, 2 Septemba

Upelelezi. Nimemkuta Vedasto uwanjani akifanya mazoezi. Ana kizulia maalumu cha kutua droni, cha rangi ya chungwa, kinakunjwa kama mwavuli. Majivuno! Na akitaka hata hakitumii. Ananyoosha mkono juu ya kichwa, uso ameugeuza pembeni, anasubiri. Droni inashuka yenyewe mpaka kiganjani, anaishika kwa chini, mapanga yake yanaacha kuzunguka. Kama mtu anayechuma pera. Wauza karanga wakampigia vigelegele. Kwa lipi hasa?

Akanipa ushauri ambao sikuuomba. Usiifuate droni, iache ikufuate. Kisha akaleta utani wake. Wazee wake, Wanyamwezi, walibeba mizigo kichwani kutoka pwani mpaka hapa Tabora, miezi kwa miezi, na waliitua salama. Na mizigo yenyewe ilikuwa ya wazee wangu, Waarabu. Leo mjukuu wa wenye mizigo anashindwa kutua kitu chepesi kuliko sato! Nikacheka kidogo, kwa ajili ya watu.

Nikaenda kujaribu nyuma ya nyumba. Kipanga akiona mkono chini yake anadhani ni tawi, anapanda. Nikamrukia. Akapanda tena. Nikasimama juu ya ndoo. Mwishowe nikamkamata mguu, ule wa kijiti, naye akapigana! Kidole kimechanika. Kofia yangu ya kushona kwa mkono imekuwa kofia ya kupitisha upepo.

Shangazi akauliza kidole kimefanya nini. Nikasema nilikuwa namenya viazi nimsaidie. Akasema tangu anilee hajawahi kuniona hata nikivikaribia viazi.

Jumatano, 3 Septemba

Kutua kwa mkono ni mambo ya wabeba mizigo. Mimi ni mtu wa akili.

Kwanza nikatandika kanga ya Shangazi. Kipanga aliposhuka, kanga ikanyanyuka kwa upepo wake, ikamkumbatia, wakaanguka wote wawili. Kanga yenyewe imeandikwa Hasidi Hana Sababu.

Halafu nikaingia jikoni nikauona. Ungo! Ungo mkubwa wa Shangazi, mviringo, bapa, una ukingo wa kuzuia vumbi. Mzungu gani angewaza hili? Nikachukua rangi ya mafuta nyekundu, nikachora katikati H kubwa ndani ya duara, kama kwenye viwanja vya helikopta.

Nikasubiri Magharibi, wanaume wote wakiwa msikitini (swala nitailipa), nikauweka ungo kwenye uwazi nyuma ya nyumba. Nikavua shati, kwa sababu nguo inayopepea inaweza kunaswa na mapanga. Nikabaki na kikoi. Nikamrusha Kipanga, akapaa, nikamshusha polepole, taa zake nyekundu zikiwaka. Akatua. Katikati ya H! Hakuchechemea! Hata punje ya vumbi! Nikanyanyua mikono yote miwili juu kushukuru.

Wakati huohuo jirani yetu, Mama Veneranda, alikuwa ametoka kuanua nguo.

Nakiri kwamba, ukiyapanga yote kwa mfululizo, yanasikika vibaya. Giza linaingia. Kijana kifua wazi, mikono juu. Ungo wenye alama nyekundu. Na juu ya ungo, kitu chenye macho mekundu kinachounguruma, ndiyo kwanza kimefika kutoka angani.

Alipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Nguo zake ziko kwenye kamba mpaka sasa.

Alhamisi, 4 Septemba

Ng'ambo yote inajua kwamba Muadh anasafiri kwa ungo.

Bodaboda wa kijiweni wameniuliza kama nikienda Dar napitia Dodoma, na begi moja linaruhusiwa au nalo linalipiwa. Muuza mihogo kanipa nyongeza bila kuombwa. Mama Veneranda amekuja asubuhi na maji ya baraka, akanyunyiza kizingiti cha duka langu, halafu kwa kuwa ni mtu wa adabu akanisabahi na kuniuliza hali ya Shangazi.

Mchana akaja mjumbe wa mtaa. Nikamwonyesha kila kitu. Akamtazama Kipanga, akautazama ungo, akasema ameelewa vizuri kabisa, ila ana swali moja. Kwa nini sikutumia boksi? Nikamkaribisha kahawa.

Basi ungo nimeuficha uvunguni mwa kitanda mpaka kesho. Lakini moyo haukutulia. Kama mimi naenda na ungo wa kuchekwa, kwa nini Vedasto aende na kizulia cha kupendeza? Haki iko wapi? Alasiri nikaenda Ntalikwa kumjulia hali. Alinipokea vizuri, akaniletea karanga za kuchemsha, akaenda kunitafutia asali. Aliporudi nikaaga. Nilitembea wima kidogo, kwa sababu kizulia kilikuwa ndani ya kanzu yangu.

Ushindi! Nimefika nyumbani nimekikunjua. Kizuri mno. Kizito, hakinyanyuki kwa upepo, Kipanga angetua hapa kama mfalme. Ndipo nikakumbuka kwamba siwezi kukitumia kesho, maana mwenyewe atakuwepo.

Ijumaa, 5 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimerudi kutoka swala ya Ijumaa, uvunguni hakuna ungo! Shangazi alikuwa ameukuta akifagia, akausugua kwa mafuta ya taa, H ikagoma kutoka, akauchukua hivyohivyo kwenda kwa Mzee Thuwaini. Wanawake wote wa ukoo wako huko wanapepeta mchele wa harusi.

Nikaenda na Kipanga peke yake. Uani kuna vumbi la kiangazi. Upande mmoja wazee wamekaa mkekani na vikombe vya kahawa, kanzu nyeupe pee. Upande wa pili, chini ya paa la jiko, wanawake na nyungo zao.

Vedasto akaanza. Akasema kizulia chake hakionekani, lakini haidhuru. Akanyoosha mkono. Droni ikashuka, akaichuma. Vigelegele! Jana nilitembea kutoka Ntalikwa mpaka Ng'ambo kama mtu aliyemeza fimbo, bure kabisa.

Zamu yangu. Kipanga akapaa vizuri, nikamzungusha juu ya mapaa, wazee wakamtazama. Kisha betri ikaanza kulia. Lazima ashuke. Wapi? Chini vumbi. Mkononi kidole bado kina bandeji. Nikaiona Nzega yote.

Hapo ndipo Shangazi akauinamisha ungo wake, mchele ukasogea upande, na H ikatokea. Nyekundu. Inaniita!

Nikampigia Shangazi kelele asitikisike. Akatazama juu. Alichosema sitakiandika humu, lakini ungo hakuuachia, kwa kuwa mchele si wake. Kipanga akashuka mikononi mwake, taratibu, sawasawa juu ya H. Nilijisikia raha isiyo na mfano, kwa muda mfupi sana.

Makapi, pumba na chuya vikanyanyuka kwa pamoja kama wingu, vikavuka ua, vikatua juu ya wazee. Ndevuni, vikombeni, masikioni. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alipiga chafya mpaka kofia ikamtoka.

Wanawake wakachungulia ungo. Mchele uliobaki ulikuwa safi, hauna hata kapi moja. Nikamkumbusha Mzee Thuwaini kwamba sharti lilikuwa vumbi, na hili halikuwa vumbi. Akachambua ndevu zake, kapi baada ya kapi. Akasema kazi ni ya Vedasto.

Nje Vedasto akanifuata kunipa pole. Akasema alikuwa amepanga kunizawadia kile kizulia baada ya leo, maana ameuona mguu wa Kipanga na amemhurumia. Bahati mbaya kimeibiwa. Watu wa siku hizi, akasema, ni wezi. Nikamwambia ni kweli.

Jumamosi, 6 Septemba

Harusi. Vedasto yuko juu ya paa anapiga picha, amevaa tai.

Mimi niliitwa na wanawake tangu alfajiri, nyuma, jikoni. Kulikuwa na magunia yaliyobaki. Waliweka mchele kwenye ungo, nikampitisha Kipanga juu, makapi yakaenda zake kwenye ukuta. Walicheka, walipiga makofi, walinipa kaimati. Pilau haikuwa na hata chembe ya kutafuna.

Shangazi akaionja, akanitazama. Nikadhani amenisamehe. Akauliza kama nimeshakunja nguo za kwenda Nzega.

Jumapili, 7 Septemba

Ndani ya basi. Shangazi amenisindikiza na kunikabidhi ungo. Hautaki tena nyumbani, amesema, kila jirani anayekuja kuazima ungo anautazama mara mbili na kuondoka. Akanipa na maandazi. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Basi limejaa, lakini pembeni yangu hakuna aliyekubali kukaa. Ungo nimeupakata, H imetazama juu. Mama mmoja amelipia siti, akaniona, akachagua kusimama. Kondakta, kijana wa Ng'ambo, aliniuliza kwa heshima zote kwa nini nimeamua kupanda basi.

Basi nimepata siti mbili peke yangu. Nimekalia kizulia cha Vedasto, laini kweli. Na nimewaza. Mkulima wa pamba anabeba pampu mgongoni siku nzima, jua la Nzega hilo! Lakini Kipanga akifungiwa kopo la dawa tumboni, akapita juu ya shamba mara moja tu? Issa atanibusu mkono. Shangazi atalia kwa fahari. Vedasto atakuja kuniomba kazi.

Tatizo ni kutua, akiwa na kopo zito na ule mguu. Mjinga angetumia kizulia.

Nimemwita kondakta nimuulize kama Nzega zinauzwa nyungo kubwa kuliko huu wangu. Amehamia kwa dereva.