Rimoti Haipokonywi Mkononi mwa Baba Mkwe

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa wakwe! Naandika haya nikiwa nimejificha nyuma ya stoo ya vitunguu huku Kimana, kwa hivyo makosa ya kuandika mnisamehe.

Iko hivi. Siku ya kupeleka mahari, msemaji wetu aliwaambia wazee kwamba mimi ni daktari wa kompyuta. (Narekebisha laptop Kitengela. Sikumkatiza.) Leo baba mkwe aliwaita wazee wenzake waje kutazama video ya siku hiyo kwenye televisheni yake mpya. Video ilikuwa kwenye hard disk yangu. Heshima yangu yote ilikuwa humo pia.

Sasa, hard disk lazima uichagulie mfumo wa kupanga mafaili. FAT32 inasomwa na karibu kila mashine, lakini faili likizidi GB nne inalikataa. Langu lilikuwa na tisa. Mke wangu, Njeri, aliniambia jana, "Si uweke tu exFAT? Haikatai faili kubwa, na hiyo TV ya Baba itasoma."

Nikamcheka. Nikaweka ext4, ile ya kompyuta za Linux, kwa sababu ndiyo mafundi huiheshimu. (Majuto, ndugu zangu, ni mjukuu.)

Nikachomeka. Televisheni ikaandika kwamba haitambui kifaa hiki, je, iifomati? Yaani, ifute kila kitu!

"Baba, ngoja kidogo," nikasema.

"Kijana, iko na swali," akajibu, rimoti mkononi.

"Usifinye kitu, Baba!"

"Na vile imeuliza na heshima?"

Ingekuwa kwangu, ningeirukia ile rimoti. Lakini baba wa msichana humpokonyi kitu mkononi, tena mbele ya wazee wenzake. Nikasimama tu pale, mikono nyuma, jasho likinitoka. Akafinya OK.

Baada ya dakika moja televisheni ikasema hard disk iko tayari.

"Imekubali!" Baba mkwe karibu aruke. Wazee wakampigia makofi. Kisha wakangoja. Ndani hamkuwa na kitu.

"Na video iko wapi?" akauliza jirani, Mzee Parmuat.

Ningesema nini? Kwamba mwenye boma ndiye ameifuta? Mbele ya wageni wake?

"Nilisahau kuiweka," nikasema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. (Nakala iko kwa laptop nyumbani. Msinililie.)

"Umetoka Kitengela mpaka hapa na kitu tupu?" Mzee Parmuat akasema, wazee wakicheka.

"Msimcheke," baba mkwe akanitetea. "Hizi mashine ni ngumu. Ni vile mimi nimefinya mara moja tu ikakubali."

Mzee Parmuat akatoa simu yake iliyokwama tangu juzi. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akanipita, akampa baba mkwe.

Naomba mtu asicheke. Naitwa huko ndani, nikamshikie baba mkwe miwani akitengeneza simu.