Zimwi la Tanuri la Ruhuwiko

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Hadithi yangu imekamilika! Mwaka ni 2093. Jua limeibwa. Binti wa miaka kumi na mitano anaingia peke yake ndani ya mlima wa Matogoro, ambamo zimwi limelificha. Mwalimu Walburga atachagua hadithi moja, wasichana wake waiigize Siku ya Wazazi. Walioandika ni wawili tu: mimi na Pankrasi. Sharti nishinde. Tangu nistaafu ualimu, hakuna anayenisikiliza ila kuku, nao kwa sababu ya pumba.

Jumanne, 3 Agosti

Pankrasi ni jirani yangu, Mhehe, mtani wangu. Ameingia bila hodi, amekalia kiti changu, amesoma hadithi yangu. Amecheka! Eti binti halisi akisikia zimwi hakai chini kujibu mafumbo, na kwamba sisi Wangoni tunawajua ng'ombe wa kuiba, si mabinti. Nikamjibu kwamba mbwa wote wa mtaa walihama alipohamia yeye, wakiogopa chungu cha Mhehe.

Lakini swali limenikaa rohoni. Binti halisi hufanya nini?

Jumatano, 4 Agosti

Jibu ninalo nyumbani! Fausta, mjukuu wangu, ana umri uleule. Bondeni hapa Ruhuwiko kuna tanuri la matofali lisilochomwa bado, lenye matundu ya kutia kuni. Naenea humo. Zulfa, muuza mitumba, ameniazima koti la manyoya la Ulaya. Aliuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mambo ya fasihi. Akaniombea dua.

Alhamisi, 5 Agosti

Nilimtuma Fausta maji. Nikatangulia, nikatambaa ndani ya tanuri. Alipokaribia na Subira, rafiki yake, nikanguruma: ni nani huyu athubutuye kulitafuta jua?

Hakulia. Hakukimbia. Aliinama, akachungulia gizani, akaona manyoya. Akapiga kelele za furaha: Subira, njoo, panya buku! Tena wa karamu!

Yaliyofuata kila mtoto wa huku anayajua, maana ndivyo tunavyomtoa panya wa kitoweo shimoni. Waliziba matundu yote wakabakiza moja. Wakawasha majani mabichi. Wakapepea. Nikawaamuru kwa Kiswahili sanifu waache. Subira akasema mbona panya huyu anakohoa kama babu yako. Fausta akajibu kwamba panya wazee ndio watamu, akaongeza pilipili motoni.

Nilitokea kwenye tundu lililobaki. Fausta alikuwa ameshainua fimbo. Kilichoniokoa ni kipara, maana alikitambua. Akasema, "Shikamoo, babu," fimbo ikiwa bado juu.

Ijumaa, 6 Agosti

Kifua kinawaka. Macho mekundu. Pankrasi ameleta ugali mtupu, akisema mboga amesikia imekaushwa kwa moshi hapa. Mtani hakasirikiwi. Nimekohoa kwa heshima.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa Mwalimu Walburga aliniita kando. Akasema Fausta amewasimulia wenzake kisa cha tanuri, na sasa wasichana wamekataa kuigiza kitu kingine chochote. Hadithi yangu imerudishwa. Ya Pankrasi pia, ashukuriwe Mungu. Kisha akaniomba, kwa adabu nyingi, nicheze sehemu ya panya.

Nilikataa. Mtu aliyefundisha miaka yote ile!

Nikarudi kumuuliza kama panya ana maneno. Hana. Anakohoa tu. Lakini anakohoa peke yake jukwaani, wazazi wote wakisikiliza kimya. Nimekubali.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimetafakari. Kosa lilikuwa la tanuri, wala si langu. Mahali pakavu panawaka moto; mahali penye maji hapawaki. Nimeanza hadithi mpya: mwaka 2193, binti anavuka mto unaolindwa na mamba asemaye. Jumamosi Fausta ataenda mtoni kukata matete, na panga lake amelinoa leo asubuhi. Nitajilaza majini kabla hajafika.

Je, binti halisi akimwona mamba hufanya nini? Nina hamu kubwa ya kujua.