Uzito wa Baba, Ukitoa Gunia

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye naye ametuma mwakilishi; waheshimiwa wajumbe wa kamati, pamoja na wajumbe wa kamati ndogo inayoisimamia kamati; wachungaji wetu wa makanisa yote, mliofunga na mliokunywa chai; wazee wangu wa Mbozi mlioacha kahawa ikiwa kwenye vichanja mkaja kunisikiliza; ndugu zetu wa Nakonde mliovuka mpaka kwa miguu kuona wenzenu tunavyoendelea, nawasalimu kwa lugha yenu, mwapoleni mukwai (Sauti kutoka nyuma: "Eya mukwai!"), madereva wa malori mlioko foleni, ambao kimsingi hamkualikwa lakini mmefika kabla ya walioalikwa, akina mama, na akina baba mnaotajwa kwenye andiko la mradi kama walengwa: itifaki nimeizingatia, na yeyote niliyemsahau ajihesabu kuwa amezingatiwa katika awamu ya pili. (Makofi.)

Mimi ni yuleyule mtumishi wenu mnyenyekevu, Shadrack Halinga, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi wa Ustawi wa Mwili wa Baba, na ninasimama hapa Mpemba, mlangoni kabisa mwa Tunduma, kwa heshima na taadhima, kuzindua Kituo cha Mwili wa Baba, kituo cha kwanza cha aina yake katika ukanda huu na pengine katika kanda nyingine ambazo sijapata nafasi ya kuzitembelea. Nyuma yangu mnaona turubai. Nyuma ya turubai, ndugu zangu, kuna historia. (Makofi. Upepo unainua pembe ya turubai. Mheshimiwa Halinga anamwashiria mlinzi.) Lishike vizuri, kijana. Historia haichunguliwi.

Ndugu wananchi, wapo wanaume ambao miili yao, kwa sababu za kitabibu na si za kulogwa kama mnavyosemaga huku mtaani, haitengenezi ya kutosha ile homoni iitwayo testosteroni. Mwanaume wa namna hiyo huchoka kabla jua halijapanda, misuli inanywea, kitambi kinatangulia mlangoni, usingizi unamkataa, na furaha inahama nyumbani bila kuaga. Mwalimu wetu Fanueli, yule pale benchi la mbele pamoja na mkewe mama Rozi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kanisani na kusema wazi: jamani, niliugua matumbwitumbwi ujanani, yakanishukia kusikostahili, sasa daktari wa Mbeya amenipima na kunianzishia sindano za homoni, naomba msinicheke. (Kicheko.) Nimesema msicheke. (Kicheko kinazidi, mwalimu Fanueli naye anacheka.) Huyo ndiye mnufaika wetu namba moja. Mwalimu, wapungie mkono wananchi. Mbona umeshika kichwa? (Mama Rozi: "Kinamgonga tangu juzi, Mheshimiwa. Na uso umemwiva.") Pole sana, mwalimu. Hilo tumelipokea na tutalifanyia kazi.

Kwa muktadha huo, naomba nitoe elimu, maana mimi bila kutoa elimu huwa silali. Sindano peke yake haijengi mwili. Nasema haya si kama mtaalamu tu, bali kama mtu ambaye naye, kwa maelekezo ya daktari, yumo katika tiba hiyohiyo, na hilo nalisema kwa ujasiri kwa sababu mwalimu alishatangulia kulisema. (Kicheko. Makofi marefu.) Daktari aliniambia: Halinga, homoni inakupa nafasi, lakini nafasi hiyo uijaze wewe, kula maharage, samaki na mboga, punguza huo mlima wa ugali, nyanyua vitu vizito, tembea, lala mapema, na usiutazame uzito peke yake, maana misuli nayo ina uzito, pima kiuno. Nikaenda kwa fundi cherehani kupima kiuno. Utepe wake ulikuwa mfupi. (Kicheko.) Ni changamoto ya vifaa, ndugu zangu, na tumeiingiza kwenye bajeti.

Hapa naomba niseme na akina mama wa Mbozi na Ileje, kwa upendo. Ninyi mna desturi nzuri ya kumpa baba sahani yake peke yake, na ugali uliopangwa hadi mtu akikaa upande wa pili humwoni. Baba akibakiza, mnauliza amekula wapi. Akila wote, kesho mnaongeza. Sasa huyu baba wa tiba atapunguzaje kitambi wakati heshima yake nyumbani inapimwa kwa mwiko? Mimi mwenyewe nimejaribu kubakiza. Mke wangu aliwapigia simu dada zangu, wakaja na maombi. (Kicheko. Sauti ya mama mmoja: "Na nyama unayokula vikaoni je?") Mama, nyama ya vikaoni ni protini shirikishi, inafuata mwongozo wake.

Nawageukia vijana wa boda mnaouziwa vichupa uchochoroni, vilivyofungwa kwenye magazeti, mkiambiwa ni dawa za kutunisha kifua. Acheni. Anayehitaji homoni anaambiwa na kipimo cha damu na daktari, haambiwi na jirani yake wa gym. Na hata aliyeandikiwa, kama mwalimu, lazima damu yake ipimwe kila baada ya muda, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuifanya damu iwe nzito, mtu akaumwa kichwa, uso ukamwiva na… (Mheshimiwa anamtazama mwalimu Fanueli, anakunywa maji.) Na mengineyo.

Sasa twende kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni sawa na mwanakwaya asiye na sauti. Mwanzoni mwa mpango tuliwapima walengwa wote kwenye mizani ya zahanati. Ilipofika wakati wa tathmini, mizani ile ikawa imekufa, na mimi, kwa ubunifu ambao hata wenzangu wa Vwawa wameukiri, nikaelekeza walengwa wapimwe kwenye mizani ya chama cha ushirika, ileile inayopima kahawa yetu tukufu. Matokeo yake, ndugu wananchi, yalinitoa machozi. Kila baba alikuwa amepungua kilo moja. Si wastani. Kila mmoja! Baba aliyefanya mazoezi, kilo moja. Baba aliyelala, kilo moja. Mchungaji aliyekuja mara zote mbili kumsindikiza shemeji yake, akapanda naye, kilo moja. Mimi mwenyewe niliyetoka kwenye sherehe ya Kamsamba, nikiwa bado nina pilau kooni, kilo moja! Mafanikio ya asilimia mia moja, ambayo duniani kote hayajawahi kuonekana isipokuwa kwenye chaguzi fulani ambazo sizitaji. (Makofi. Minong'ono upande wa wakulima. Kijana mmoja ananyoosha mkono.)

Naam, yule ni Lusubilo, karani wa mizani wa chama cha ushirika, mdau muhimu. Simama, Lusubilo, waelezee wananchi siri ya mafanikio. (Lusubilo: "Mheshimiwa, samahani sana. Mimi nilizoea kahawa. Kila kinachopanda pale natoa kilo moja ya gunia tupu, ndiyo nasoma.") Unatoa nini? ("Gunia, Mheshimiwa. Na wazee nao niliwatoa gunia, mkono ulishazoea. Nimekuja kugundua usiku nimeshalala.") (Kicheko kikubwa. Mzee mmoja anadondoka kwenye benchi.) Utulivu, ndugu zangu. Mnyanyueni mzee. Kitaalamu hayo tunayaita marekebisho ya takwimu, na hayaondoi ukweli kwamba ripoti ilishapelekwa juu, ikasomwa, ikapendwa.

(Mama Rozi anasimama.) Mama Rozi, maswali ni mwisho wa hotuba. ("Mwisho wenyewe hatuuoni, Mheshimiwa. Mimi nina moja tu. Mwalimu alitakiwa akapime damu Mbeya tangu kahawa inachanua. Nyie mkaja nyumbani, mkasema asihangaike na nauli, mashine inakuja hapahapa Mpemba. Akawasikiliza. Mpaka leo kahawa inavunwa, hajapima, na sindano anaendelea kuchoma. Mume wangu anaumwa. Mashine iko wapi?") (Mheshimiwa anapekua karatasi zake.)

Swali zuri sana. Swali la kimkakati. Mashine, mama Rozi, ikitazamwa katika upana wake, si kile chuma tu. Mashine ni mfumo, mfumo ni watu, na watu ndio sisi tuliopo hapa. Kwa hiyo tukisema mashine iko wapi, kimsingi tunajiuliza sisi wenyewe tuko wapi. (Sauti: "Tupo Mpemba!") Ahsante. Tupo Mpemba, na kwa kuwa muda si rafiki, naomba twende moja kwa moja kwenye kaulimbiu, nami nikisema "Mwili wa baba", ninyi itikieni "Mtaji wa taifa". Mwili wa baba! (Wachache: "Mtaji wa taifa.") Kitambi cha baba! (Sauti: "Mtaji wa bucha!") Hiyo haimo kwenye mwongozo. Mwili wa baba! (Watu wamegeukia benchi la mbele. Mwalimu Fanueli ameinamia magoti yake, mkewe anampepea kwa kitenge.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, waliosoma taarifa ya kilo moja kwa kila baba wakafurahi mno, wakanipigia simu kunipongeza, wakasema kwa kuwa tatizo Songwe limekwisha, mashine wataipeleka kwingine kwenye uhitaji. Nalishukuru kanisa kwa mabenchi. Nawashukuru madereva kwa turubai, ambalo nimeahidi kulirudisha foleni ikisogea. Na kwa namna ya pekee namshukuru bibi Gwantwa, mwenye shamba hili, aliyekubali tusimame mbele ya mahindi yake ili mradi… (Upepo mkali. Turubai linaanguka lote. Nyuma yake ni mahindi, yamekauka tayari kwa kuvunwa, na bibi Gwantwa katikati yake akiwa na kikapu.) (Bibi Gwantwa: "Mmemaliza? Mnanikanyagia.")

(Hakuna anayecheka.)

Ndugu wananchi. Hapa kwenye karatasi yangu imeandikwa nikate utepe. Siukati. Nimemtazama mwalimu Fanueli muda wote ninaoongea, na mimi dalili zile nimezisoma mwenyewe kwa sauti, mbele yenu, nikapitiliza. Nimeona aibu. Mimi kliniki yangu ya Mbeya sijawahi kuiruka hata mara moja. Hata leo nilikuwa nikitoka hapa naenda kutolewa damu, gari linaunguruma pale barabarani, siti ya nyuma nimepakia mchele wa Kamsamba. Yeye nilimwambia asubiri mahindi.

Sasa pokeeni takwimu ya mwisho, na hii Lusubilo hajaitoa gunia: kituo hakipo. Hakikuwepo. Gari lipo. Dereva, shusha mchele. Bibi Gwantwa, mchele huo ni wako, pole kwa shamba. Mama Rozi, mshike mumeo mkono upande huu, mimi nashika huu. Mwalimu, panda, na leo usichome kitu mpaka daktari aseme. (Watu wanasogea kusaidia. Mlango wa gari unafungwa. Mama Rozi, dirishani: "Na wewe Mheshimiwa damu yako?") Damu yangu haijakosa kipimo hata kimoja, mama, itasubiri; mwalimu na ajinyooshe siti yote ya nyuma, wewe kaa mbele. Nendeni.

(Gari linaondoka. Mheshimiwa amebaki barabarani na kipaza sauti. Sauti kutoka foleni ya malori: "Mheshimiwa, si ulisema kutembea ni dawa? Stendi ile kulee!") Nilisema. (Sauti: "Kilo moja utapunguza, safari hii ya kweli!") Nimekusikia, ndugu dereva. Basi nawashukuru kwa kunisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Lusubilo, njoo unibebee hotuba, ni nzito. (Makofi, ya kwanza ambayo hakuyaomba.)