Jinsi Nola Tapping Alivyomnyima Jalidi Dalia ya Mwisho

Jongeeni, enyi wenye reki na enyi msio nayo. Sogezeni viti, mtueni paka, mtege masikio, niwasimulie vita vilivyopiganwa Bothwell, kwenye nyanda baridi za Tasmania, mwezi wa Mei, majani yalipopukutika na Jalidi, baridi ya kugandisha umande, mfalme mweupe asiyebisha hodi, alipokuwa akishuka kutoka milimani.

Shujaa wetu ni Nola Tapping, mjane wa Keith, mwanamke wa mabuti ya mpira na sweta lililotoboka viwiko, Mtisha Magugu, Mfagia Majani. Hazina aliyoilinda ilikuwa shina moja la dalia, ua jekundu la kukolea kama divai, alilolizalisha Keith kwa mikono yake na lisilopatikana bustani nyingine yoyote. Kipupwe kilichopita Nola aliiacha mizizi ardhini chini ya matandazo. Jalidi akapenya, akaiozesha yote ila huo mmoja. Tangu hapo kila alipopita kwenye picha ya mumewe alitazama pembeni.

Asubuhi hiyo redio ikatangaza jalidi nzito usiku. Nola akaacha chai yake nusu kikombe, akatwaa reki; safari hii mzizi ungechimbuliwa ukalale ndani.

Lakini dalia iko wapi? Alikuwa ameshalikata shina likabaki kisiki, na mwaloni wa jirani yake, Merv Skeggs, ulikuwa umemwaga majeshi yake yote juu ya nyasi na matuta, hata bustani nzima ikawa zulia moja la kahawia. Nola akashambulia kushoto, akashambulia kulia. Lundo likainuka kama ngome. Ndipo upepo wa magharibi ukaja, ukaibomoa ngome, ukamrudishia majani usoni.

Merv alikuwa ameegemea uzio, kikombe mkononi.

"Nola, unazichana nyasi? Kwa nini usizisuke kabisa?"

"Merv Skeggs, mti wako unanimwagia uchafu tangu Machi, na wewe umesimama hapo kama balozi. Shika reki au nyamaza."

"Mgongo wangu huu, mwenzangu."

"Kila mtu ana mgongo. Wako ndio uko likizo."

Kisha akaugeukia upepo, akainua reki juu, akanena kwa sauti ya majemadari: "Ewe mzururaji wa magharibi, usiye na bustani wala haya, puliza mpaka pumzi ikuishie. Mimi nina turubai."

Akalifunika lundo kwa turubai, akalikandamiza kwa matofali, akaendelea kufagia mpaka kisiki kikatokeza. Akachomeka uma wa bustani. Udongo ukagoma. Akasukuma kwa mguu. Goti likamsaliti, shujaa akaketi matopeni kwa kishindo, akakifumbata kisiki kwa mikono miwili.

Merv akaiona mikono ile. "Ni ile ya Keith?"

"Ndiyo pekee iliyobaki."

Merv akaweka kikombe juu ya nguzo, akapanda uzio, suruali ikanasa msumari ikapasuka kwa mlio uliosikika mpaka barabarani, akatua upande wa pili, kishujaa, matako yakipunga hewa.

"Niambie nivute wapi."

"Usivute. Shingo ya mzizi ikivunjika hauchipui tena. Chimba upande huo, tuinue pamoja. Taratibu, Merv, siyo kiazi cha kuchemsha."

Wakachimba, wakahema, wakainua. Ardhi ikatoa sauti ya busu, ikaachia ghafla, na wawili hao wakaanguka chali juu ya turubai, mizizi mizima kifuani mwa Nola kama mtoto mchanga. Nola akacheka mpaka machozi. Merv naye akacheka, akiushika mgongo, ambao sasa uliuma kwelikweli.

Kabla jua halijazama dalia ilikuwa imelala ndani ya maranda makavu, katika sanduku la matofaa, ndani ya stoo ya kufulia.

Kulipopambazuka, Bothwell yote ilikuwa nyeupe. Jalidi alikuwa amepekua kila tuta, akakuta shimo. Nola akatoka mlangoni na koti la kulalia, akamtazama adui yake machoni, akasema taratibu, "Umechelewa, baba." Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya picha ya Keith, akamtazama kwa muda mrefu.

Wafalme wamepindua miji na historia ikawaandika. Basi na iandike na hili: mwaka huo, huko Bothwell, kipupwe kiliingia na kuondoka mikono mitupu.